Mayai ya Siku ya Tatu

6 Februari

Mpwa wangu, Bi Mkasi,

Salamu nyingi. Najua umeshaniamkia kabla hujamaliza kuchana bahasha, basi marahaba. Huku sote wazima, isipokuwa goti la mkazamjomba wako, ambalo sasa limeanza kutabiri mvua, na mvua yenyewe haiji. Mama yako ameniandikia kurasa nne. Tatu na nusu ni za jirani yake na ule mfereji wa bati unaomwaga maji upande wetu. Nusu iliyobaki anasema umekonda. Umekonda kweli, au dada yangu anahitaji miwani mipya?

Kazi yangu ni ile ile ya kutunza samaki, ila kazi imepanda cheo, mimi bado. Bosi, yule mama daktari niliyekwambia anatembea huku anasoma, ameanza utafiti mpya na amenipa mayai niyashughulikie mwenyewe. Samaki wetu ni wadogo, hawafiki urefu wa kidole cha mwisho, wamejaa mistari mwili mzima. Taa zikiwaka asubuhi, wanataga. Mimi nayachota mayai kwa chujio la chai, nayaweka kwenye kabati la joto. Yai lenyewe ni angavu, unaona mpaka ndani. Ukilitazama kwa hadubini unakiona kiinitete kinavyojijenga, na kesho yake moyo unadunda mbele ya macho yako. Mara ya kwanza nilivua kofia bila kujua.

Sasa sikiliza, maana hili linakuhusu kidogo. Mtu akimeza dawa, kuna vitu ndani ya ini vinavyoivunjavunja ili itoke mwilini. Bosi anaviita vimeng'enya. Anachotaka kujua ni hiki: kiumbe kinachoanza kuumbika kinakuwa navyo lini? Basi tunatia kwenye maji ya mayai unga fulani usioonekana. Vimeng'enya vikiuvunja, yai linang'aa kijani chini ya taa ya buluu. Yai likibaki giza, ujue bado halina la kuifanya dawa. Na dawa tunazopima ni ukoo mmoja na vidonge vyako vya kifafa.

Siku ya kwanza giza. Siku ya pili giza. Siku ya tatu jioni ndipo kijani kinatokea. Hizo siku zote dawa inakaa mle ndani kama mgeni asiyejua kuaga. Tukiizidisha, wengine wanatoka na mgongo uliopinda. Nimeyaona haya kwa macho yangu kabla hata wasomi hawajayaandika, na Bosi atayasoma mbele ya mkutano mkubwa mwezi wa sita.

Tena siku hizi Jumapili nashinda nyumbani, nimepata ujanja wangu wa kulipanga juma. Niandikie.

Mjomba wako


27 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mwambie mkazamjomba nampa pole ya goti. Mimi mzima. Sijakonda, gauni ndilo limepanuka. Mume wangu yuko safarini na lori lake, hii ni wiki ya pili. Sare za shule zimekwisha, sasa nashona mapazia ya ofisi moja, vitambaa virefu, mshono ulionyooka kutoka asubuhi mpaka jioni, hata mguu wangu ukilala unakanyaga cherehani.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nina mteja wangu mmoja, Mjomba. Anatumia vidonge kama vyangu, asubuhi na jioni, tangu utotoni kama mimi. Sasa ana mimba changa, baada ya kungoja miaka sita. Nilimsimulia habari za mayai yako, akaniuliza: hizo siku tatu za samaki, kwa binadamu ni wiki ngapi? Yaani mtoto wake ataanza lini kuweza kujisaidia na hiyo dawa?

Nilimwambia nina mjomba ambaye hajawahi kushindwa swali. Kliniki hataki kuuliza. Kuna nesi pale ambaye mdomo wake hauna mlango, na huyu mteja anaogopa watu wajue mapema halafu mimba ipate neno.

Na ile migongo iliyopinda, ni mingi au ni michache?

Nijibu upesi. Haraka ni yake, si yangu.

Mpwa wako


15 Machi

Bi Mkasi,

Marahaba. Nilikawia kwa sababu nilitaka kukupa jibu lililokamilika, si la kubahatisha. Mkazamjomba anakusalimu na anasema pole unayompa goti lake haitoshi, anataka kitambaa cha mapazia.

Mpe mteja wako hesabu hii. Samaki wetu akifika siku ya tano anaogelea na kujitafutia chakula. Hapo mhesabu amezaliwa. Binadamu anazaliwa wiki ya arobaini. Vimeng'enya vinaamka siku ya tatu. Tatu kwa tano ya arobaini ni ishirini na nne. Kwa hiyo, wiki ya ishirini na nne. Kabla ya hapo mtoto hana la kuifanya dawa, baada ya hapo anajitegemea.

Nilimwonyesha mkazamjomba karatasi. Akauliza, "Na kama si kweli?" Nikamwambia namba hazidanganyi. Akasema, "Namba hazidanganyi, wewe je?" Akaenda zake jikoni. Ndoa ya miaka thelathini hii, mpwa wangu, usiione hivi hivi.

Migongo iliyopinda ni michache, ila ukiuona mmoja huusahau. Kisamaki kinajaribu kuogelea, kinazunguka pale pale.

Bosi amefurahi sana na matokeo. Ametaja kazi yangu mbele ya wageni, akasema, "Mikono ya mzee huyu ndiyo utafiti." Nimenunua shati jipya kwa ajili ya mwezi wa sita.

Mjomba wako


9 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mteja anashukuru kwa hesabu.

Nina habari. Usimwambie Mama, nataka nimwambie mwenyewe mume wangu akirudi. Utakuwa babu mwishoni mwa mwezi wa kumi. Nimekwisha sema, sasa moyo unanienda mbio kama nimeiba.

Kazi inakwenda vizuri. Juzi sindano ilipita kwenye ukucha, nami sikumbuki mkono ulifikaje pale. Jana nimefumua pazia zima, mshono ulikuwa umekwenda upande kwa upana wa kiganja. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti nikitazama, na sijui ni nani aliyeushona. Vikombe viwili vimevunjika wiki hii. Nadhani ni uchovu. Wanasema mimba changa huchosha.

Usiwe na wasiwasi. Chakula nakula, na mboga nakula.

Mpwa wako


3 Mei

Mpwa wangu,

Furaha niliyoipata sina kipimo chake. Nilisimama katikati ya matangi nikacheka peke yangu, samaki wakakimbilia pembeni. Babu! Mimi!

Kisha nikairudia barua yako, na furaha ikaniponyoka. Umeniambia unakula mboga. Vidonge hukuvitaja. Mimi ndiye niliyekuwa nakusagia nusu kidonge kwa kijiko ulipokuwa na miaka saba, nakujua unavyoanza. Kwanza vitu vinakuponyoka, halafu unatazama bila kuona, halafu unaanguka. Mteja wako ni wewe. Mzee mzima nilipaswa kulijua hilo tangu barua ya kwanza, lakini nilikuwa nimenogewa na kusifiwa.

Nisikilize. Ile wiki ya ishirini na nne niliitoa kichwani mwangu. Hakuna kitabu chenye hesabu ile. Uliniuliza, nikaona haya kusema sijui. Heri kujikwaa kidole kuliko ulimi, na mimi ulimi wenyewe niliuweka kwenye karatasi nikaufunga na stempu.

Lipo na jingine baya zaidi. Nilikwambia nimepata ujanja wa Jumapili. Ujanja ni huu: mayai yanakaa kwenye joto la digrii ishirini na nane. Ukilishusha, hayafi, yanakua polepole. Watunza samaki wote wanaujua mchezo huo. Basi mayai ya kupima niliyachota kila Ijumaa, jioni yake nikalishusha joto mpaka ishirini na nne, Jumatatu asubuhi nikalipandisha, ili Jumapili nisiende kusimama juu yake na saa mkononi. Kwenye daftari niliandika ishirini na nane, na umri nikauhesabu kwa saa ya ukutani. Yai nililoliita la siku tatu lilikuwa limekua la siku mbili tu. Barua yako ya mwisho ilipofika nilipima kwa siri kundi moja bila kugusa joto, na Jumapili nilikwenda kazini. Kijani kilitokea siku ya pili jioni. Nikapima tena kundi jingine. Siku ya pili.

Nilitaka kukuandikia kwamba basi ni wiki ya kumi na sita. Nilishaliandika, nikalifuta, karatasi ikachanika, unaona mwenyewe hapo juu. Hata hiyo ingekuwa hewa tupu. Sijui, mpwa wangu. Sijui mtoto wako anaweza nini wala lini.

Kama umeacha vidonge, nenda kliniki leo, usingoje kesho. Waambie kila kitu, wao ndio waseme kipimo. Nenda hata kama yule nesi atakutangaza kwa kipaza sauti.

Mjomba wako


29 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mama amepata habari zote, kwa hiyo usijisumbue kuficha. Mume wangu amerudi, lori ameliacha kwa mwenzake kwa muda. Anakaa kwenye kiti cha wateja ananitazama ninavyopumua.

Niliacha vidonge tarehe ishirini na nne Machi. Uliniandikia mgongo unaozunguka pale pale, nami nikawa kila nikimeza kidonge namwona mtoto wangu. Miaka sita, Mjomba. Nilisema nitavumilia mpaka wiki ya ishirini na nne, nitajifungia ndani, nitashona nikiwa nimekaa. Nilichora kalenda kwa chaki ya kushonea.

Nilianguka tarehe kumi na mbili Mei, saa nne asubuhi, nikiwa napiga pasi. Sikumbuki kitu. Mwenye duka la jirani alisikia kishindo akaingia. Nilikuwa chini, na pasi ilikuwa juu ya mkono wangu wa kushoto. Alama imebaki ya umbo lake, unaweza kuona hata ncha. Sikuangukia tumbo. Wote wanasema Mungu mkubwa, na mimi nasema hivyo hivyo, ila sitaki tena kuambiwa.

Yule nesi asiye na mlango ndiye aliyekaa nami siku mbili. Alinishika mkono mzima akasema, "Ungeniuliza mimi, mama." Daktari hakuniambia niache vidonge. Alinirudishia aina moja kati ya zile mbili nilizokuwa nameza, akapanga kipimo upya, akasema anguko moja kama lile linaweza kumdhuru mtoto kuliko ninachokiogopa. Moyo wa mtoto tumeusikia. Ni wa haraka, kama cherehani isiyo na uzi.

Barua yako ilinifikia tarehe ishirini Mei, kitandani. Nililia. Kisha nikaitazama bahasha, kwa sababu sina kazi nyingine. Ndani umeandika tarehe tatu. Muhuri wa posta ni wa tarehe kumi na nne. Barua zako siku zote hunifikia siku ya sita. Ya tarehe tatu ingefika tarehe tisa.

Labda nisingekwenda kliniki hata ningeipata. Mimi mkaidi, unanijua, na kuuliza nilikuuliza wewe kwa sababu nilitaka jibu nililolitaka. Hilo nalibeba mimi. Lakini hizo siku kumi na moja ni zako. Barua ilikuwa wapi?

Mpwa wako


18 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Sina habari za goti wala za mfereji.

Barua ilikuwa kwenye mfuko wa koti langu. Posta iko njiani kwangu, naipita kila asubuhi na kila jioni. Nilikuwa nimeweka kwenye karatasi kwamba nimeandika uongo kwenye daftari la kazi. Nikasema kwanza nimwambie Bosi, ndipo niipeleke. Bosi nikawa namwogopa. Kila siku nilisema kesho. Na kila siku nilijiambia pengine mpwa wangu hajaacha vidonge, pengine ni uchovu tu kama alivyosema. Unaona? Hata hapo nilijitafutia jibu.

Sikuipeleka mimi. Mkazamjomba alitaka kufua koti, akaikuta. Alivaa viatu, akatembea na goti lile lile mpaka posta, akarudi, akaweka chai mezani. Alipokaa akasema, "Nimeisoma. Kama mtoto yule amepatwa na neno, mimi na wewe tutalala vyumba viwili." Barua yako ya mwezi uliopita niliisoma nikiwa nimesimama. Sasa analala chumba cha mbele.

Siku hiyo hiyo niliyoisoma barua yako nilikwenda kwa Bosi. Nilimwambia, "Ile siku ya tatu si ya tatu." Akasema, "Sema polepole." Nikasema yote. Alichukua daftari, akaanza kupitisha rula juu ya kila wiki, mstari mwekundu, wiki kumi na tisa. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Ishirini na nane umeiandika kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

"Kwa sababu ya Jumapili?"

"Kwa sababu ya Jumapili."

Ndipo nikamweleza hesabu yangu ya wiki ishirini na nne, na wewe, na pasi. Hapo alikaa chini. Alisema, "Hata kipimo kingekuwa sahihi, hesabu hiyo haipo. Yai la samaki liko peke yake majini. Mtoto yuko ndani ya mtu mwenye ini lake na damu yake. Tunachunguza mayai ili tujue maswali ya kuuliza, mzee. Hayawezi kumjibu mwanamke mmoja kuhusu mtoto wake mmoja." Nilitamani ningeyasikia maneno hayo mwezi wa pili, lakini mwezi wa pili nisingeuliza.

Mkutanoni alisimama akasema hana matokeo ya kusoma. Shati jipya sikulivaa. Ufunguo wa kabati la joto amenichukua, na sawa kabisa. Naosha matangi na vioo mpaka mkataba wangu uishe mwezi huu, kisha basi.

Nimeota mkono wako mara mbili. Sikuombi unisamehe, maana naona ningekuwa nakutwika kazi nyingine. Naomba tu uniandikie kama umeanguka tena au hukuanguka. Neno moja linatosha.

Mjomba wako


2 Julai

Mjomba,

Shikamoo.

Sijaanguka.

Mpwa wako


6 Novemba

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo, na jirani ameuhamisha mfereji, kwa hiyo hana la kusema na anaumwa kwa hilo.

Nimejifungua Jumamosi, mtoto wa kike. Kilo mbili na nusu, nywele tele, sauti ya mpiga debe. Kitu cha kwanza nilimlaza kifudifudi nikampapasa mgongo kwa kidole, pingili moja baada ya nyingine, mpaka nesi akasema, "Mama, huyo si kitambaa." Umenyooka. Nilimwuliza daktari kama mtoto yuko salama kabisa. Akasema kwa leo haoni tatizo, mengine hajui, wataendelea kumwangalia kwa mwaka mmoja au miwili, kama anakaa, kama anasema, kama anashika vitu. Zamani jibu kama hilo lingenitoa machozi. Safari hii nilimshukuru.

Lakini situlii. Akipiga chafya nasimama. Akilala sana namwamsha, akiamka najuta. Kifafa hakijanirudia tangu Mei, ila kila asubuhi nikimeza kidonge naangalia mikono yangu kama ni ya mtu mwingine.

Sasa nisikilize vizuri. Sijakusamehe. Nimejaribu, nikaona bado, nikaacha. Alama iko mkononi, naiona kila ninapoingiza uzi, na kila nikiiona nahesabu siku kumi na moja. Sitaki barua ya kunieleza zaidi. Ulichoeleza kinatosha.

Ila kliniki wamenipa sharti. Siruhusiwi kumwogesha mtoto nikiwa peke yangu, hata siku moja, hata dakika tano, kwa sababu nikipotea kidogo tu mikono inaachia, na yeye yuko majini. Lazima awepo mtu mzima mwenye kusimama karibu na beseni, asiyetazama pembeni, mwenye kujua ninavyoanza. Mume wangu anarudi kwenye lori tarehe kumi na nane. Mama anaogopa, mikono yake inatetemeka kuliko yangu. Huyu mwenye duka ni mtu mwema lakini hanijui. Wewe unanijua tangu nilipokuwa na miaka saba.

Njoo na mkazamjomba, vyumba viwili vipo. Fika kabla ya tarehe kumi na nane.

Mpwa wako